Madoa kwenye vyombo vya enameli: kipi ununue kwanza

Hapa Mbeya, ambako mwezi wa Juni na Julai birika haliondoki jikoni tangu alfajiri, doa la kahawia ndani ya vikombe na mabirika ya enameli ni jambo la kila wiki. Pale soko la Mwanjelwa zinauzwa dawa na sabuni za kila namna za kuliondoa. Nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemshauri mtu ainunue kwanza, lakini kabla ya kutoa fedha ni vema kuelewa ni kitu gani hasa kinachosafishwa.

Enameli si rangi ya kawaida. Ni unga wa kioo uliopakwa juu ya chuma, ukayeyushwa ndani ya tanuri kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi hadi ukashikamana nacho. Maadamu uso wake ni mzima, doa hukaa juu juu tu; ukikwaruzwa, kila mkwaruzo unageuka kuwa makao ya uchafu, na ndiyo maana sufuria iliyozoea kusuguliwa kwa stilwaya hushika weusi usiotoka tena.

Ya kwanza, bila kusita, ni bekingi soda. Chembe zake ni laini kuliko kioo, na ualikali wake mdogo hulegeza mafuta pamoja na rangi ya chai. Kwa kikombe au birika, changanya na maji kidogo hadi iwe uji mzito, paka, subiri robo saa, kisha futa kwa kitambaa. Kwa sufuria iliyounguza chakula, tia vijiko viwili vikubwa katika lita moja ya maji, chemsha taratibu kwa dakika kumi, halafu uiache ipoe yenyewe. Usiimiminie maji ya bomba ingali ya moto, kwa sababu chuma na kioo havisinyai kwa kiwango kimoja, na maji yetu ya Julai ni baridi kiasi cha kuipasua enameli; nyumbani kwetu tulipoteza mabirika mawili kwa namna hiyo, na bado yananiuma. Nunua pakiti iliyoandikwa, si unga uliopimwa kwenye mfuko usio na jina, maana kostiki soda nayo ni nyeupe, na hiyo huunguza ngozi na hula kioo chenyewe.

Ya pili ni siki au ndimu, lakini kwa kazi mbili tu: doa la kutu chini ya bomba linalovuja, na ukoko mweupe ndani ya birika. Asidi ikikaa muda mrefu hufubaza enameli, hasa ya vyombo vya bei nafuu, kwa hiyo dakika tano zinatosha, kisha suuza vizuri.

Ya tatu ni dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi huiita Jiki hata ikiwa ya kampuni nyingine. Ikizimuliwa kwa maji mengi huondoa rangi iliyong'ang'ania kwenye sinki jeupe. Haifai kwa kutu, na palipobanduka huharakisha chuma kuoza. Isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Mwenye kununua zote mbili aziweke mbalimbali na asizitumie siku moja kwenye chombo kimoja.

Stilwaya, mchanga na unga wa kusugulia wenye chembe kali nimeviweka mwisho kabisa, ingawa ndivyo vinavyotoa matokeo ya haraka machoni. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Majivu ya kuni, ambayo bibi zetu waliyatumia kwa ustadi, ni afadhali kuliko hivyo, mradi yachekechwe kwa kitambaa ili kuondoa changarawe.

Chombo kilichobanduka ndani hakina dawa ya kununua. Kisipikiwe tena, kwani vipande vya kioo vinaweza kuingia kwenye chakula. Kikaushe vizuri, kisha kitumie kuhifadhia vitu vikavu visivyoliwa.