TAHADHARI: Mashine ya kukatia kona niliyouziwa Gerezani, Dar es Salaam

Mafundi wenzangu, nimelimeza hili jambo wiki mbili kwa aibu, leo nalitoa.

Nilimwamini yule muuzaji kwa sababu alikata mbele ya macho yangu. Nilimwambia nataka mita soo, yaani hiyo mashine ya kukatia kona, ya inchi 10 ya kazi za fremu. Akasema, "Fundi wangu, hii ni yuzdi, imetumika Uingereza, haijachoka hii." Akaiwasha, mlio safi kabisa. Akachukua kipande cha paini, upana wa vidole viwili tu, akakata digrii 45 mara mbili, akaviunganisha kiganjani na kunisogezea usoni: "Ona, hata wembe haupiti." Kweli haukupita! Nani angekataa? Na kulikuwa na mzee pale, eti mteja, anasema yeye kashachukua mbili. Nikahesabu Sh450,000, advansi ya kazi ya fremu niliyokuwa nimepewa.

Karakana, fremu ya kwanza ya mninga: kona tatu zimekaa, ya nne imeachama. Fremu ina mikato 8. Kila mkato ukikosea nusu digrii, kona ya mwisho inabeba digrii 4 zote. Nikapima kwa skwea, kile kipimo cha pembe, nikalegeza skrubu, nikairudisha sifuri. Nikanunua bledi mpya ya meno 60. Asubuhi iko sawa, mchana imehama. Mbao sita za mninga zimeharibika.

Siku ya nne nikaipindua. Chini ya meza, pale inapozungukia, kuna ufa wa urefu wa kidole, umejazwa gundi ya chuma na kupuliziwa rangi ya kijivu. Ukikandamiza mkono wa mashine, meza inapinda. Alijua! Huwezi kupaka rangi ufa usioujua. Nimerudi, ananijibu mali ikitoka dukani hairudi, na risiti hakunipa. Huyu ni mwizi, afungiwe duka, alipe hela yangu na mninga wangu, na yule mzee wake akamatwe naye.

Mkienda kununua, pindueni mashine. Rangi mpya sehemu moja, ondokeni. Na msikubali kijipande, kateni ubao mpana kwa 90, geuzeni nusu moja juu chini mzikutanishe, mwanya utakaoonekana ni kosa mara mbili.

Jumatatu naipeleka mashine kituo cha polisi. Aliyeuziwa na huyo huyo anitafute inboksi, twende pamoja.