Uzoefu wangu: kozi ya jioni ya anthropolojia, wiki 8

Juzi nimemaliza kozi ya utangulizi wa anthropolojia ya jamii na utamaduni, yaani somo la watu wanavyoishi na mila zao, chuo kimoja hapa mjini, Jumanne na Alhamisi baada ya kazi. Nawapa mrejesho maana mwenyewe kabla sijalipia nilitafuta maoni ya mtu aliyesoma sikupata.

Kilichonigusa ni utani wa makabila. Mimi Mzaramo, na kwenye msiba wa babu kule Chanika mtani wetu mmoja, mzee wa Kinyamwezi, kajifunga kanga ya bibi kiunoni kalala chali mbele ya jeneza, anasema huyu kafa na deni langu hapiti mtu hapa, ikabidi tumchangie elfu elfu ndo akanyanyuka. Nililia kwa hasira siku ile, niliona katudhalilisha. Sasa wiki ya 4 mwalimu akatuletea Radcliffe-Brown, Mwingereza aliyeandika makala ya utani mwaka 1940, anasema watu waliounganishwa huku kila upande una maslahi yake wanaepuka ugomvi kwa njia mbili, ama mnaheshimiana mpaka mnakwepana kama wewe na mama mkwe, ama mnataniana na kukasirika hairuhusiwi, kama wewe na shemeji yako. Hapo ndo nikakumbuka yule mzee alivyoshika jembe, akafukia kaburi mpaka mwisho na kanga yake kiunoni. Nilimpigia simu usiku uleule kumshukuru, akaniambia deni bado.

Ila mwalimu aliishia hapohapo. Nikamuuliza kwa nini Mnyamwezi na sisi, mbona hatugusi misafara ya karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi wanashuka pwani na pembe za ndovu wanapita Uzaramo, akasema muda umeisha. Kwangu mimi hiyo ndo nusu ya somo, imeachwa.

Notsi nazo ni fotokopi ya fotokopi, kurasa za Malinowski, mwanaanthropolojia maarufu kwa kwenda kuishi na watu anaowasoma, hazisomeki kabisa. Zoezi la kukaa kijiwe cha kahawa na daftari lilikuwa zuri sana, nilikaa Temeke jioni 3, jioni ya tatu ndo wazee wakaanza kuongea kama sipo, halafu tukaambiwa tukusanye kazi. Malinowski mwenyewe visiwa vya Trobriand, kule Pasifiki, alikaa karibu miaka 2 jamani, wangetupa hata wiki 2.

Ada yangu siijutii. Ukienda kujiandikisha uliza kwanza zoezi la nje ni siku ngapi, na notsi omba za kwenye simu.