Mkunazini, Unguja: sokoni walikouzwa watu

Soko la zamani la watumwa liko Mkunazini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Darajani. Ndani ya ua mmoja kuna maonyesho, vyumba vya chini, shimo la sanamu na Kanisa Kuu la Anglikana. Ukikimbilia vyumba vya chini kwanza, utatoka umeshtuka tu bila kuelewa ulichokiona.

Anza na maonyesho, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na uyape saa nzima. Tarehe mbili zisikuchanganye. Mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, ulifunga soko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi 1897.

Vyumbani dari iko chini, mrefu itabidi ainame. Kuna vibaraza vya mawe huku na huku, njia katikati, na vitundu vyembamba vya hewa. Utatajiwa idadi ya watumwa wanaodaiwa kurundikwa humo; ipokee kwa tahadhari. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lenye vyumba hivyo ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa, na vyumba vilikuwa stoo. Mwongozaji anayekueleza hayo bila kuulizwa, huyo mshike.

Kitu chenye uzito kuliko vyote ni sanamu za mchongaji Clara Sörnäs, za mwaka 1998. Watu watano wamesimama shimoni, miili ikichomoza kwenye mawe yasiyolainishwa, shingoni pete za chuma zilizounganishwa kwa mnyororo mmoja. Wewe uko juu, unawatazama chini, pale pale anaposimama mnunuzi. Zunguka pande zote nne; wengi hupiga picha upande mmoja wakaondoka.

Kanisani funika mabega na magoti, na Jumapili asubuhi ni ibada, si utalii. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, amezikwa nyuma ya altare. Duara la marumaru mbele ya altare huonyeshwa kama mahali pa nguzo ya viboko. Tafuta pia nguzo zilizosimikwa kichwa chini, miguu juu; inasemekana mafundi walikosea Steere akiwa safarini.

Mwenye nafasi aongeze Mangapwani, kaskazini mwa mji. Huko kuna chumba kilichochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, kinachohusishwa na magendo ya watumwa baada ya 1873. Chukua tochi na viatu visivyoteleza, ngazi ni za mawe.