Uzoefu wangu na Blender: kuunda jahazi kwa ubavu mmoja

Natengeneza vyombo vya baharini vya kutumika kwenye gemu za simu, na kwa muda mrefu sasa natumia Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D. Ni ya bure kabisa: mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ili msimbo wake uwe huria, wazi kwa wote. Hapa naisifia, na kuilalamikia kidogo, kwa mambo mawili tu: kuunda kitu nusu na kukilainisha.

Jahazi linafaa sana kwa jaribio hili, kwa sababu kuanzia omo hadi tezi pande zake mbili ni mapacha. Naunda ubavu wa kulia peke yake, na modifaya (kifaa kinachobadilisha umbo bila kuharibu la awali) ya Mirror, yaani kioo, inanipa wa kushoto papo hapo. Nikivuta ubao huku, wa kule nao unasogea. Washa Clipping tangu mwanzo. Ndiyo inayozizuia nukta za kwenye mkuku zisivuke mstari wa kati wala kuachana. Ikizimwa, hubaki ufa mwembamba ambao huuoni mpaka ulainishe. Pia kumbuka kwamba kioo husimama kwenye kitovu cha kitu, si mahali macho yako yanapodhani ni katikati.

Kulainisha ni kazi ya modifaya ya Subdivision Surface, kwa kanuni waliyoitoa wataalamu wa michoro ya kompyuta Edwin Catmull na Jim Clark mwaka 1978. Kila uso wa pembe nne hugawanywa kuwa vinne, na nukta husogezwa kuelekea wastani wa jirani zake. Mchemraba wenye nyuso 6 unakuwa na 24, kisha 96, kisha 384, kwa hiyo usishangae feni ya laptopu ikianza kunguruma. Mimi siendi zaidi ya daraja la 2, yaani kugawanya mara mbili.

Kwa mbao za ubavuni matokeo ni mazuri mno: nukta chache, mkunjo safi. Taabu iko tezini. Tezi la jahazi ni bapa, lakini kanuni haijui mila za mafundi wetu, na inaligeuza yai. Kuna dawa mbili. Shift+E hukaza ukingo ukabaki mkali kama wembe. Ctrl+R huongeza mstari wa nukta karibu na ukingo. Nachagua ya pili, hata kama inaongeza nyuso, kwa sababu ukingo unabaki na unene kidogo unaoshika mwanga, na mbao halisi ndivyo zilivyo.

Mirror ikae juu ya Subdivision kwenye orodha ya modifaya. Ukizigeuza, kila nusu inalainishwa kivyake na mshono unaonekana.

Shade Smooth ni kitu kingine: haigusi umbo, inabadilisha jinsi mwanga unavyosomwa juu yake. Kwa chombo kinachoonekana kwa mbali, hiyo yatosha. Ila tangu toleo la 4.1 la mwaka 2024, Auto Smooth (iliyochagua kingo za kulainisha kwa kupima pembe zake) imeondolewa mahali ilipokuwa na kazi yake imekuwa modifaya, kwa hiyo mafunzo mengi ya zamani yatakutuma kwenye kisanduku ambacho hakipo.

Tanga usilitie kwenye kioo. Foromali, mti unaoshika tanga, hukaa upande mmoja wa mlingoti, kwa hiyo tanga na foromali, pamoja na kamba zake, naviunda kama vitu tofauti. Nimeona majahazi ya kuuzwa mtandaoni yenye matanga mawili yaliyotazamana. Baharia yeyote angecheka.