Divisheni ya Marekani: rejimenti nne za 1918 au tatu za 1944?

Ubishi wa muundo upi wa divisheni (kikosi kikubwa cha maelfu ya askari, kinachogawanywa katika rejimenti) ulikuwa bora, ule wa Vita Kuu ya Kwanza au wa ya Pili, hauishi, na wengi huishia kuhesabu vichwa tu. Divisheni ya 1 ilipigana kwa miundo yote miwili.

Ile ya 1918 ilikuwa na brigedi mbili za askari wa miguu, kila moja ya rejimenti mbili, yaani rejimenti nne, watu karibu 28,000 na mizinga 72. Ukubwa huo ulikusudiwa: iendelee kushambulia hata ikipungua. Huko Soissons, Ufaransa, Julai 1918, Divisheni ya 1 ilipoteza karibu watu 7,000, waliouawa na kujeruhiwa, kwa siku tano tu, na bado ikasonga. Tatizo ni mwendo. Msafara wake uliziba barabara, na amri zilipitia brigedi kwanza.

Ya 1944, kwa jedwali rasmi la muundo la Julai 1943, ilikuwa na watu 14,253, bila brigedi: kwa kawaida rejimenti mbili mbele, moja akiba. Ni nyepesi kupakia melini na kulisha; vifaru iliazimwa, kama Divisheni ya 1 ilivyopewa batalioni ya vifaru ya 745. Ila akiba ni finyu mno: Divisheni ya 28 ilipoteza zaidi ya watu 6,000 msitu wa Hürtgen, Ujerumani, Novemba 1944, ikaondolewa.

Ukiwazia mahandaki yasiyosogea, chukua nne; ukiwazia kutua ufukweni na kumfukuza adui, tatu.