Frick Madison: michoro ilipohamishiwa kwenye kuta tupu

Jumba la makumbusho ya sanaa la Frick mjini New York lilipofungwa kwa ukarabati, hazina yake haikufungiwa stoo. Kuanzia Machi 2021 hadi Machi 2024 ilitundikwa Madison Avenue, mitaa michache kaskazini, kwa jina la Frick Madison, katika jengo la zege la msanifu majengo Marcel Breuer lililofunguliwa mwaka 1966.

Nyumbani, michoro imechanganywa na samani kama alivyoishi nayo tajiri Henry Clay Frick. Madison waliipanga upya kwa nchi na karne, wakaondoa mapambo, na kuta zikawa za kijivu. Uamuzi huo ndio uliofaulu zaidi. Kazi tatu za mchoraji Mholanzi Vermeer, ambazo jumbani hazikai pamoja, zilipewa chumba kimoja: mbili zina dirisha upande wa kushoto, ya tatu ina giza tupu nyuma ya bibi mwenye koti la njano. Tofauti hiyo mtu aliiona kwa kugeuza shingo tu. Mchoraji Mfaransa Fragonard naye alifaidika: paneli zake zote 14 za safari ya mapenzi zilionekana pamoja, zile 4 alizomchorea Madame du Barry, kimada wa mfalme wa Ufaransa, naye bibi huyo akazikataa, na 10 alizoongeza miaka karibu 20 baadaye.

Kilele kilikuwa chumba cha mchoro wa Mtakatifu Fransisko, kazi ya Mwitaliano Bellini. Mchoro mmoja, dirisha moja la Breuer lililokaa mshazari, basi. Chumba kama hicho kinapendeza lakini ni hatari. Kazi hiyo imechorwa juu ya ubao, na ubao hutanuka na kunywea unyevu wa hewa unapobadilika. Rangi hupasuka au kubanduka. Anayetaka kuiga aweke dirishani kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno (UV) ya jua, unyevu ubaki karibu asilimia 50 usiku na mchana, mwanga usizidi luksi (kipimo cha mwanga) 200 hivi, na sanduku la usafirishaji likae saa 24 chumbani kabla ya kufunguliwa.

Kasoro ipo. Ukutani hapakuwa na maelezo; ilibidi kutumia kijitabu au programu ya simu. Utulivu ulipatikana, ila asiyemjua Bellini alijikuta akitazama simu badala ya ubao. Mistari miwili midogo pembeni mwa fremu ingetosha. Watoto chini ya miaka 10 hawakuruhusiwa kabisa, na hilo ni gumu kulitetea: vyumba vilikuwa na nafasi tele, na kamba ya chini mbele ya kazi nyeti ingezilinda.