Masta ya wanyamapori kwa bei nafuu: njia sita, kuanzia inayokutoa pesa kidogo zaidi

Kwenye tangazo la chuo, ada ndiyo namba inayoonekana kwanza, na ndiyo inayopotosha zaidi. Pesa ya masta ya usimamizi wa wanyamapori huishia porini: dizeli, posho ya askari anayekusindikiza, betri, malazi ya kambini, na ule muhula wa ziada unaolipiwa kwa sababu masika yalifika kabla ya kibali. Ndiyo maana hapa hatupangi kwa ada. Tunapanga kwa jumla itakayokutoka mfukoni mpaka unakabidhi tasnifu, na msomaji tunayemlenga ni mhitimu wa Afrika Mashariki mwenye angalau daraja la pili la chini (kwa Tanzania, GPA ya 2.7 kwenye mizani ya 5.0).

1. Nafasi iliyo ndani ya mradi, hapa hapa nyumbani

Hii ndiyo ya kutafuta kabla ya nyingine zote. Walimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, huendesha miradi yenye wafadhili, na mara nyingi bajeti ya mradi huwa na fungu la mwanafunzi wa masta. Nafasi hizi hujazwa kimyakimya. Anayezipata ni yule aliyeandika mapema.

Fungua machapisho ya mwalimu ya miaka mitatu ya karibuni, uende moja kwa moja kwenye shukrani mwishoni. Mfadhili ametajwa hapo. Ukiona jina lilelile kwenye machapisho mawili matatu mapya, yaelekea mradi bado uko hai. Andika aya mbili tu, ambatisha transkripti, kisha taja kazi unazoziweza kwa mikono yako: R (programu ya takwimu), QGIS (programu ya ramani), leseni ya gari au pikipiki, kutambua ndege kwa sauti. Mwalimu anatafuta mtu atakayeleta data, na barua zinazosema "napenda sana wanyama" anazo za kutosha.

Ukikubaliwa, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi. Ada inalipwa kwa miaka mingapi? Gari na dizeli ni za nani? Data zitakuwa za nani? Mradi ukifika mwisho kabla yako, nani anamalizia? Hilo la mwisho ndilo huwaumiza wengi. Mradi wa miaka mitatu unaomchukua mwanafunzi katikati ya mwaka wa pili unamwacha na uandishi wote baada ya fedha kukatika.

Kama mradi haupo, DAAD ya Ujerumani inafadhili masta ndani ya nchi na ndani ya kanda, kwenye vyuo na programu ilizozichagua yenyewe. Kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita wakati wa kuomba, kwa hiyo aliyekaa kazini muda mrefu aangalie tarehe kabla ya kujaza fomu.

Vyuo hivi havifanani. SUA imeweka wanyamapori pamoja na misitu na utalii, kwa hiyo inamfaa anayetaka usimamizi na masuala ya jamii. Dar es Salaam ina mzizi wa zoolojia. Nelson Mandela ni ya utafiti na maabara zaidi. Daktari wa mifugo atajisikia nyumbani Makerere, ambako wanyamapori wako ndani ya chuo cha tiba ya mifugo, na Nairobi ina masta ya biolojia ya uhifadhi. Ukivuka mpaka, uliza kama raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa ada ya mwenyeji au ya mgeni. Jibu hutofautiana chuo hadi chuo, na tofauti yake si ya soda.

2. Kujilipia hapa nyumbani, kwa mada isiyokula dizeli

Ukishindwa kupata mfadhili, bado unaweza kumaliza bila kuuza shamba. Siri iko kwenye mada.

Chukua mfano wa kuhesabu nyumbu na swala kwa gari. Kilomita 80 kwa siku, siku 20, ni kilomita 1,600. Land Cruiser kwenye njia mbovu ukiipa kilomita 7 kwa lita, inakunywa karibu lita 229. Misimu miwili, kiangazi na masika, ni karibu lita 460, na hapo hujakodi gari wala kulipa posho ya askari. Kamera za kutegesha nazo si rahisi kama zinavyoonekana: kamera 30 zenye betri 8 kila moja ni betri 240, na ukibadilisha mara moja ni 480. Zisipofungwa ndani ya kasha la chuma, fisi watazitafuna na tembo watazing'oa.

Idadi ya wanyama nayo ina mtego wake. Ukikadiria idadi kwa kupima umbali kati yako na mnyama (distance sampling), kanuni inayofuatwa ni kuonana na kundi au mnyama angalau mara 60 hadi 80 ili makadirio yasimame. Swalapala watakupa idadi hiyo bila shida. Mbwa mwitu hawakupi kwa miezi minne, hata uombe dua. Wanaong'ang'ania mnyama adimu ndio wanaorudi porini mara ya pili kwa pesa ya mkopo.

Mada za bei ya chini ziko za aina mbili. Ya kwanza ni migogoro ya watu na wanyamapori kwenye vijiji vya Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori (WMA), kama Burunge au Enduimet. Kaya 300, wadadisi wawili, kila mmoja kaya 7 kwa siku: siku 22 umemaliza. Usafiri ni pikipiki, dodoso ni KoboToolbox kwenye simu, bure. Barua ya chuo ipitie mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, ndipo ifike kijijini. Ukiruka ngazi moja utarudishwa, na nauli imeshakwenda.

Ya pili ni kutumia data zilizokwisha kukusanywa. Snapshot Serengeti, kwa mfano, ilitandaza kamera 225 kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, na picha zake ziko wazi kwa watafiti. Hapo gharama yako ni bando na laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi. R na QGIS hazilipiwi. Hakikisha tu msimamizi wako anakubali tasnifu isiyo na matope kwenye viatu, wapo wasiokubali.

Rudi nyuma kwenye kalenda kabla ya kujisajili. Utafiti wa wanyamapori Tanzania unapita TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, pamoja na ridhaa ya wenye mamlaka ya wanyamapori. Andiko lako la mpango wa utafiti likipitishwa Februari na kibali kikatoka Aprili, barabara za Katavi zimeshakuwa tope, na wewe unalipia muhula wa kukaa. Lenga andiko lipite kabla ya Oktoba. Na kama sampuli za damu au ngozi lazima zipimwe nje, jua kwamba kwa wanyama wa Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tembo wetu wakiwemo, unahitaji kibali cha kutoa huku na cha kuingiza kule. Tafuta maabara ya ndani, au badilisha swali la utafiti.

Kwa vifaa, shirika la IDEA WILD hutoa darubini, GPS na kamera badala ya fedha taslimu. Mfuko wa Rufford hutoa ruzuku ndogo za kazi ya uhifadhi, lakini hailipi ada ya chuo.

3. Marekani, kwa nafasi ya msaidizi

Masta yenye tasnifu kule mara nyingi hulipwa na mradi wa profesa: unafanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, unasamehewa ada na kupewa posho. Nafasi hutangazwa kwenye ubao wa mtandaoni wa ajira za wanyamapori wa Chuo Kikuu cha Texas A&M. Mtego uko kwenye maneno. Msamaha wa ada ya masomo huenda usiguse ada nyingine za chuo wala bima ya afya, na posho ya miezi 9 inakuacha mikono mitupu wakati wa kiangazi chao. Kabla ya tiketi kuna dola 350 za SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) na 185 za maombi ya viza. Angalia kwanza masharti ya viza kwa raia wa nchi yako mwaka huo, maana yamekuwa yakibadilika. Masta isiyo na tasnifu, ya kujilipia, usiiguse.

4. Mweka, stashahada ya uzamili

Chuo cha Mweka, kilichoanza 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Si masta, lakini kwa mwenye shahada ya kilimo, jiografia au ualimu anayetaka kuhamia fani hii, hakuna mlango wa bei nafuu zaidi. Anayetafuta kuwa askari wa uhifadhi ajue kwamba jeshi usu, yaani mfumo wa kijeshi wa watumishi wa uhifadhi, lina mafunzo yake, na masta haiyafuti.

5. Uingereza, kwa Chevening tu

Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza: mwaka mmoja, gharama zote. Wanataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Bila ufadhili huo, sahau; ndiyo maana iko huku chini.

6. Ujerumani

Vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo ni akaunti ya kuzuiliwa: euro 11,904 uziweke kabla ya viza, kisha uchote 992 kwa mwezi. Pesa ni yako, lakini lazima uwe nayo kwa mkupuo.

Norway tumeiacha nje ya orodha. Tangu vuli ya 2023 vyuo vyake vya umma vinawatoza ada wanafunzi wa nje ya Ulaya, na anayekwambia kule ni bure anakumbuka ya zamani. Kwa shahada yoyote ya nje, waulize TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, au, kwa Kenya, CUE, tume ya huko, kama wanaitambua, kabla hujatuma hata senti ya maombi.